Sikio la Sange

Kama hujawahi kufungua mtego wa bati saa nne asubuhi kwenye nchi kame, mshukuru Mungu wako uendelee na shughuli zako. Panya aliyeingia alfajiri, akaachwa humo hadi jua likapanda, hafi haraka. Anakwaruza, anajilamba tumbo apate kupoa, anakwaruza tena, halafu anaokwa. Fundi Panya aliyaona hayo mara moja tu, mwaka wake wa kwanza kazini, alipolala fofofo akachelewa mstari mzima wa mitego. Walikuwa kumi na wawili. Mtaalamu wa wakati ule hakumgombeza hata kidogo. Alimpa kisu kidogo akamwambia, "Wachune wote. Hapa hakitupwi kitu." Tangu siku hiyo hakuchelewa tena, na hakutupa tena chochote kilichotoka mtegoni, hata unywele.

Fundi Panya si jina alilopewa na mama yake, lakini ndilo lililomganda. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiwategea wataalamu wanyama wadogo: panya wa kila namna, kirukanjia, kidiri, sange wale wenye pua ndefu. Wataalamu walikuja wakaondoka, wengine wakapata uprofesa kwa jasho lake, naye akabaki palepale na koti la mifuko sita linalonuka siagi ya karanga, maana ndiyo chambo. Mkewe alikuwa akisema mbele za watu, "Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na chambo." Watu wakicheka, mwenyewe alicheka nao.

Shule aliishia darasa la saba, ila kwa mikono alikuwa bingwa, nakwambia. Alimhamishia mnyama kwenye mfuko wa kitambaa, akamshika ukosi bila kung'atwa, akampima uzito, akapima mkia, wayo wa nyuma na sikio. Kisha alikata ncha ya sikio, kipande kisichofika punje ya mtama, akakitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti, akaandika namba, akamwachia mnyama aende zake. Dakika mbili, kwisha. Macho yangeweza kuwa mlimani na mdomo unamtania dereva, mikono inaendelea tu. Kilichomuuma kilikuwa kimoja. Katika ripoti zote hizo alitajwa ukurasa wa mwisho, tena bila jina: "pamoja na wasaidizi wa nyanjani." Pamoja na! Aliwahi kuuliza maana ya neno nyanjani akidhani labda ni cheo.

Aliyemlea ni dada yake. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka minne na dada kumi na mitatu. Dada akambeba. Posa mbili zilikuja, na mara mbili mchumba akasema mke namtaka lakini si na mzigo mgongoni, na mara mbili dada akajibu kwamba mzigo huu ndio wenye mgongo. Mwisho posa zikaacha kuja. Alizeekea palepale walipozaliwa, chini ya mlima wa mawe, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoiezeka bati mwenyewe, na mbuzi wake, na shamba la mtama lililojibanza katikati ya miamba. Karatasi ya kuonyesha kwamba pale ni pake hakuwa nayo. Miaka tisa alikuwa akiifuata hati, na miaka tisa akaambiwa njoo kesho.

Halafu likatoka tangazo. Mlima utachunguzwa. Wakionekana wanyama wa kawaida tu, wakazi wote watapewa hati zao. Akionekana mnyama asiyepatikana kwingine, mlima utafungwa na watu watahamishwa, na mbuzi wao na masufuria yao. Kazi ya uchunguzi akapewa Daktari, mtaalamu wa wanyama wadogo, mwanamke mchapakazi mwenye kofia pana na haraka ya siku zote. Na Daktari hakuwa na mtegaji mwingine ila Fundi Panya.

Jioni ya kwanza Fundi alipita kwa dada yake kabla ya kutega. Wakakaa kibarazani.

"Kwa hiyo nyumba yangu iko mikononi mwa panya," dada akasema.

"Iko mikononi mwangu, Dada."

"Haya basi. Niletee panya wa kawaida, hawa wala nguo. Ukikuta mwenye pembe, mwambie arudi alikotoka."

Wakacheka mpaka dada akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akamshika mdogo wake kiwiko.

"Na yule Bwana Pua?"

Bwana Pua ndilo jina walilompa utotoni mnyama mmoja wa mlima ule, sange mdogo wa kijivu mwenye duara jeupe jichoni na ncha nyeupe mkiani. Kwingine kote alikopita na mitego yake, miaka ishirini na mitatu, Fundi hakuwahi kumwona wa namna ile. Alikuwa akilijua hilo siku zote. Hakuwahi kumwambia mtaalamu yeyote.

"Tangu ule ukame mkubwa hajaonekana," akajibu. "Atakuwa kafa."

"Afe tu, maskini. Na asipokufa?"

"Hatokuwepo kwenye daftari."

"Wewe ulikuwa mwanangu kabla hujawa ndugu yangu," dada akasema. "Mimi nimeshazeeka, sina pengine pa kwenda. Unanisikia? Usinifanyie mchezo."

"Dada, nikufanyie mchezo wewe?"

Walitega mitego mia na ishirini kwa siku tano. Kila alfajiri Fundi alishika mstari wa mlimani, Daktari na dereva wakashika wa tambarare. Asubuhi nne mfululizo mlima ulitoa panya miiba, panya wa mchanga, kirukanjia wawili wenye hasira, na kidiri mmoja aliyemng'ata dereva kidole kwa sababu dereva alitaka kupiga naye picha. Daktari alikuwa akipiga miayo. "Mlima wako hauna kitu, Fundi," akasema. Fundi akajibu, "Ndivyo ulivyo, Daktari, mawe matupu." Usiku wa nne alilala usingizi mzuri.

Asubuhi ya tano alifungua mtego wa themanini na sita, akatoka panya miiba. Akamfanyia yake, akamwachia. Akapanda hatua ishirini hadi themanini na saba, kwenye ufa wa mwamba mkubwa. Mlango umefunga. Akauinua: mwepesi lakini si mtupu. Akamkung'utia mnyama mfukoni huku akimtazama mbuzi mmoja wa dada yake aliyekuwa akihangaika na kichaka kule chini. Akashika ukosi. Gramu arobaini na moja. Mkia. Wayo. Sikio. Mkasi. Kichupa. Ndipo alipotazama alichoshika, na duara jeupe la jicho likamtazama.

Loo! Akakaa juu ya mwamba. Bwana Pua alikuwa akipumua haraka mkononi mwake, na damu kidogo ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa sikio. Fundi akafungua vidole. Mnyama akaruka mara mbili, akaingia ufani, huyoo. Kwenye daftari Fundi akaandika: themanini na saba, mlango umefunga, hakuna kitu. Mpaka hapo alikuwa ametimiza ahadi yake, na mimi ningemwacha hapo nikamsifu.

Lakini kichupa kilikuwa mkononi. Kukimwaga ilikuwa kazi ya kugeuza kiganja tu. Mawe yangekausha spiriti kabla hajasimama, na siafu wangemaliza kilichobaki. Akakishika. Akakitazama kile kipande cha sikio kikizama taratibu. Akajiambia kwamba sampuli haitupwi, ndivyo alivyofunzwa. Akajiambia pia kwamba sikio ni sikio, nani atajua. Akaandika juu yake namba themanini na sita, namba ya panya miiba, akakipachika kwenye kisanduku pamoja na wenzake. Kwa hiyo panya miiba mmoja aliondoka mlimani akiwa na masikio matatu. Sasa wewe niambie, mtu aliyepeleka sampuli maabara miaka ishirini na mitatu, hajui kinachofanywa huko? Alijua. Alijua kwamba huko wanasoma damu iliyomo kwenye kipande, wakamjua mnyama mwenyewe, hawasomi namba. Alijua, akashuka mlima akipiga mluzi.

Mchana Daktari akafunga daftari, akamwambia dada aliyekuwa amesimama mbali akijifanya anatafuta mbuzi, "Mama, mlima wenu ni wa kawaida kabisa. Andaa pa kuweka hati yako." Dada akapiga vigelegele peke yake pale juani. Akamkumbatia Fundi na koti lake linalonuka, akasema, "Kumbe kulea kuna faida." Wiki ile akanunua kufuli la sanduku.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Daktari akaingia uani kwa Fundi bila hata hodi ya maana, kofia mkononi, uso unameremeta.

"Fundi! Mbona umenificha kitu kizuri namna hii?"

"Kitu gani, Daktari?"

"Themanini na sita ina vichupa viwili. Kimoja panya miiba. Kingine sange, na wa aina ambayo hakuna mtu amewahi kuiandika duniani! Maabara wamerudia mara tatu."

Mkewe Fundi aliyekuwa akifua akasimamisha mikono majini.

"Labda vimechanganyika, Daktari. Vimetoka kwingine."

"Vyako wewe? Vya wengine ningeamini. Vyako havijachanganyika hata siku moja." Akacheka, akamshika bega. "Mtego wa themanini na saba ulifunga mlango, wewe ukaandika hakuna kitu. Nimeona. Nadhani alikuponyoka, ukaona aibu kuandika. Sikulaumu. Nataka unionyeshe mahali penyewe. Na safari hii, Fundi, ripoti itakuwa na jina lako juu, karibu na langu. Umesikia?"

Fundi alikuwa bado na nafasi. Angeweza kusema sikumbuki, mlima ni mkubwa. Angeweza kuwaonyesha bonde jingine. Lakini lile neno "juu" lilimwingia kama maji kwenye koo kavu. Akavaa koti.

Ufa ule ulitoa sange tisa kwa wiki mbili. Wawili wakaachiwa. Saba wakahitajika kwa jumba la makumbusho, na sange hawawekwi makumbusho wakiwa hai. Kati ya saba mmoja alikuwa na sikio lililokatwa ncha. Nani wa kuwachuna bila kutoboa ngozi, wa kuwajaza pamba na kuwashona tumbo, kama si Fundi Panya? Akawachuna wote saba kwenye meza ya kukunja, kivulini mwa gari, hatua mia tatu kutoka nyumbani kwa dada yake. Dada alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu. Hakuja.

Fundi ndiye aliyemwendea, siku ambayo barua ya kuhama ilifika. Alimkuta amekaa juu ya lile sanduku lenye kufuli.

"Dada, sikukusudia. Nimeshtuka nimeshakata. Mkono ulikata wenyewe, unajua kazi ikishazoeleka..."

"Mkono huo nimeuosha mimi tangu ukiwa hivi," dada akasema, akaonyesha kimo chake cha utotoni. "Naujua. Kukata, sawa, ulikata wenyewe. Na kukipeleka kile kichupa?"

Fundi akaliangalia kufuli la sanduku.

"Na kuwaonyesha ufa? Huko nako mkono ulikwenda wenyewe, wewe ukabaki nyumbani?"

"Wangeupata tu, Dada."

"Wangeupata wao. Nisingekuwa na neno." Sauti yake haikupanda. "Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwaambia wengine. Ulitaka wakujue, si ndiyo? Mimi nilikuwa nakujua. Nilikuwa nakujua wewe peke yako katika dunia nzima, na hukutosheka."

"Nisamehe, Dada."

"Toka nifungashe."

Walihamishiwa tambarare, kando ya barabara kuu, mahali ambapo hata mbigili ilikuwa inaota kwa kusitasita. Kila nyumba ilipewa kiwanja na turubai. Hati hawakupewa, waliambiwa ardhi ile ni ya muda. Dada alifika na mbuzi kumi na saba. Baada ya miezi sita walikuwa wanne.

Ripoti ikatoka. Daktari aliileta mwenyewe, karatasi nzuri yenye kung'aa, na Fundi akaipekua mbele ya mkewe. Juu palikuwa na majina matano, na la kwake halikuwamo. Daktari akaeleza kwa upole kwamba kulikuwa na utaratibu, kwamba wenye jarida wana masharti yao, kwamba alipigania sana. Ukurasa wa mwisho ulisema pamoja na wasaidizi wa nyanjani. Mkewe akasoma, akarudisha karatasi mezani, akaenda kuanua nguo. Hata mzaha hakufanya.

Lakini hakusahauliwa, la hasha. Mlima ulishafanywa hifadhi, ukahitaji askari wa kuulinda, na Daktari akampendekeza. Wakampa buti, mkanda, na sare ya kijani. Kituo cha askari kikawekwa kwenye nyumba ya dada yake, maana ndiyo pekee iliyokuwa na bati zima. Meza ya kazi ikakaa chumba alichokuwa akilala yeye utotoni. Angeweza kukataa, watu walimwambia hivyo. Yeye akajibu kwamba asipolinda yeye atakuja mgeni, na mgeni atakuwa mkali kwa ndugu zake. Siku zile huenda aliliamini hilo.

Sheria za kituo zilikuwa chache, zimebandikwa ukutani. Mmojawapo wa mistari ulisema mifugo itakayokamatwa ndani ya mpaka haitarudishwa bila barua ya ofisi ya mjini. Mjini ni safari ya siku mbili kwa miguu. Kiangazi kilipokolea, tambarare ikawa nyeupe, na mbuzi wa waliohamishwa, ambao hawakusomewa barua yoyote, wakaanza kurudi kwenye majani waliyoyazoea. Askari mwenzake akawakamata wawili, akawafunga nyuma ya kituo.

Asubuhi iliyofuata Daktari alikuwa amekuja na wageni sita, waliotoa vifaa vya hifadhi na sasa wakitaka kuona walichokitolea. Walikuwa wamejaa chumbani, na Fundi amesimama mbele yao na mtego wa bati mkononi, akiwaonyesha jinsi mlango unavyofunga. Alikuwa akieleza vizuri. Mgeni mmoja mzee alikuwa akiandika kila neno lake, na Daktari akamtambulisha kwa jina lake kamili, mara ya kwanza katika miaka yote ile: "Huyu ndiye aliyemgundua." Wakampigia makofi.

Makofi hayajaisha, mtu akapiga hodi mlangoni. Alikuwa dada yake, kakonda, kanga imefifia, miguu myeupe kwa vumbi. Alisimama nje ya kizingiti cha nyumba aliyoiezeka mwenyewe. Akamtazama Fundi, akatazama sare, akatazama wageni. Kisha yule mwanamke aliyemzidi miaka tisa, aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukakosa bwana, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, afande."

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama Fundi Panya.

"Marahaba," akajibu.

"Naomba mbuzi wangu wawili. Wamekamatwa jana."

"Una barua?"

"Sina, afande."

Angeweza kusema ngoja. Angeweza kutoka naye nje, akafungua kamba, wageni wasijue lolote. Mgeni mzee alikuwa ameinua kalamu, anasubiri.

"Kalete barua ya mjini, mama. Ndio utaratibu."

"Ahsante, afande," dada akasema. Akageuka, akashuka kibarazani bila kuangalia pa kukanyaga, kwa kuwa ngazi zile alizijua.

"Nimependa sana watu wa huku," mgeni mzee akamwambia Daktari. "Wana heshima. Umeona anavyowasalimu askari wenu?"

Daktari akakubali kwamba ni watu wa heshima sana. Kisha akamgeukia Fundi Panya na kumwomba aendelee pale alipoishia, na Fundi akauinua mtego, akawaonyesha tena jinsi mlango unavyofunga.